Matibabu Mkononi mwa Patroni: Wafanyakazi wa Maduka ya Bel-Air na Historia ya Deni la Afya

Bel-Air ni mtaa wa komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi. Barabara zake zimejaa alimentasyo, yaani maduka ya vyakula, maduka ya dawa, ya vifaa vya ujenzi na ya simu, pamoja na depo za unga na za vinywaji. Nyuma ya kaunta husimama wafanyakazi wawili watatu: muuzaji, mtunza fedha, kijana wa kubeba mizigo, mlinzi wa usiku. Mmoja wao akiugua, sheria ya kazi ya Kongo inamtaka aliyemwajiri alipe daktari, dawa na kitanda cha hospitali, na alipe hivyo hivyo kwa ajili ya mke au mume wa mfanyakazi na watoto wake. Kwa maandishi ni ahadi kubwa kuliko ile anayopewa muuzaji wa duka katika nchi nyingi tajiri. Lakini haikutungwa kwa kumfikiria mwenye duka. Ilizaliwa kwenye machimbo ya shaba, ikakuzwa na kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, kisha ikawekwa mabegani mwa kila mwajiri, mkubwa kwa mdogo.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, mwaka ule ule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru yake ya Lubumbashi ikaanza kutoa shaba. Watu wa kazi waliletwa kutoka mbali, wengi kupitia Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuandikisha vibarua lililoanzishwa 1910. Walifika wamechoka kwa safari, wakalazwa katika vibanda vilivyobanana, wakalishwa chakula wasichokizoea. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua kwa wingi, na homa kuu ya mwaka 1918 ikaongeza vifo juu ya vifo. Madaktari wa wakati huo, Pearson wa Union Minière na Mouchet wa serikali, waliandika kitabu kizima kuhusu usafi wa kambi za wafanyakazi: upana wa chumba, umbali wa choo, kiasi cha chakula. Huruma haikuwa sababu pekee ya kazi hiyo. Kibarua aliyekufa baada ya miezi michache alikuwa hasara ya fedha, na vijiji vilivyosikia habari za vifo vilificha vijana wao wasiandikishwe. Amri ya Wabelgiji ya tarehe 16 Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi ilikuta hali hiyo, na ikaweka matibabu kando ya chakula na malazi katika orodha ya vitu ambavyo bwana alipaswa kumpa mtu wake wa kazi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1927 na 1928. Union Minière iliacha desturi ya kubadilisha vibarua kila baada ya muda mfupi, ikaanza kuwapa mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu kuishi kambini na wake zao. Msukumo wa siasa hiyo ulitoka kwa Dokta Léopold Mottoulle wa kampuni hiyo. Kambi zikapata dispansari, nyumba za uzazi, vituo vya kupima watoto na kuwapa maziwa. Mwanamke alizalia hospitali ya kampuni, mtoto akapimwa na kampuni, akasoma shule ya wamisionari iliyogharimiwa na kampuni, na akikua akaajiriwa na kampuni. Vifo vilipungua sana katika miaka ya 1930. Kwa hesabu ya uhai, mpango ulifaulu, na haifai kumnyima Mottoulle na manesi wake haki hiyo.

Gharama yake haikuonekana kwenye karatasi ya mshahara, kwa sababu haikukatwa humo. Ililipwa kwa njia nyingine. Mshahara wa fedha ulibaki mdogo, na sehemu kubwa ya malipo ilikuja kama posho, nyumba na dawa. Aliyefukuzwa kazi alipoteza vyote siku moja, yeye na watu wake wa nyumbani. Kampuni ilijua nani anaumwa, mke wa nani ana mimba, mtoto gani hakupelekwa kupimwa. Mizani ya watu wenyewe ilionekana Desemba 1941. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu, na wafanyakazi wa kambi ya Lubumbashi, waliokuwa na hospitali bora kuliko karibu wafanyakazi wote wa Kongo, waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana wa Katanga, Amour Maron, alikuwepo, na askari wakafyatua risasi. Wengi walijeruhiwa, makumi wakafa, na miongoni mwao Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Hospitali nzuri haikuwa imewafanya wasahau kwamba fedha mkononi ni kitu kingine.

Nje ya ua wa Union Minière mambo yalikuwa tofauti kabisa, na huko ndiko historia ya wafanyakazi wa maduka inakoanzia. Biashara ya Élisabethville ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Waitaliano, Wareno na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, jamii iliyojenga sinagogi la mji mwaka 1930. Walianza na maduka madogo ya vitambaa, chumvi, sabuni na baiskeli, na baadhi yao wakaja kuwa na nyumba kubwa za biashara. Waliwahitaji Waafrika wa kupima kitambaa, kufungua makasha, kufagia, kulinda na kutafsiri. Hawa hawakuishi kambini. Walipanga Kamalondo, mtaa ulioitwa Albert wakati huo, au mtaa wa Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi, wakivuka kila asubuhi ukanda wa wazi wa takribani mita 700 ambao wakoloni waliuacha kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika, kwa hoja ile ile ya afya: mbu asiruke kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwa muuzaji wa duka, amri ya matibabu ilikuwa ile ile iliyomhusu mchimba shaba. Tofauti ni kwamba patroni wake hakuwa na daktari wala dispansari. Alichoweza kufanya ni kumwandikia karatasi, ile boni ambayo imedumu hadi leo, ili apokelewe katika hospitali ya serikali ya Waafrika, ambayo leo inaitwa kwa jina la Jason Sendwe, mwanasiasa wa Wabaluba wa Katanga aliyekuwa msaidizi wa daktari kwa kazi yake. Karatasi hiyo ilitegemea mambo mawili: patroni awepo, na patroni akubali kwamba mtu anaumwa kweli. Mchimba shaba aliyeshikwa na homa usiku alibebwa hadi dispansari ya kambi. Mtu wa duka alisubiri duka lifunguliwe.

Watu wa aina hii wameacha maandishi machache. Ndiyo maana kile kijitabu cha mwaka 1965 kuhusu historia ya mji, kilichoandaliwa na André Yav kwa ajili ya chama cha waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, kina thamani kubwa. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na kinautazama mji kwa macho ya wapishi na maboi, watu waliofanya kazi kwa Mzungu mmoja mmoja bila kampuni kubwa nyuma yao. Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na maelezo yake. Anayetaka kuelewa maisha ya kutegemea tabia ya bwana mmoja hana chanzo bora kuliko hicho.

Ubelgiji yenyewe ilikuwa imechukua njia nyingine. Amri ya tarehe 28 Desemba 1944 iliwafanya wafanyakazi wote wa mshahara wa nchi hiyo wachangie mfuko wa ugonjwa pamoja na waajiri wao. Muuzaji wa duka la Brussels na mchimba makaa wa Charleroi waliingia chini ya mwavuli mmoja. Kongo haikupata mfuko huo. Ilipata vipande: ajali za kazini mwaka 1949, posho za watoto mwaka 1951, pensheni mwaka 1956. Ugonjwa wa kawaida uliachwa kwa mwajiri, kwa sababu waajiri wakubwa tayari walikuwa na hospitali zao na hawakuona haja ya kuchangia za wengine. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, na Katanga ikajitenga siku 11 baadaye, mpangilio huo ulikuwa umeshaota mizizi. Amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliyounda taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS, ilikusanya pensheni, ajali za kazini na posho za familia. Tawi la ugonjwa halikuwemo. Uamuzi huo, uliopita kimyakimya katika mwaka wa misukosuko, ndio ulioamua kwa zaidi ya miaka 60 nani atapata kitanda cha hospitali na nani atauza redio yake.

Kanuni ya kazi ya tarehe 9 Agosti 1967 ilithibitisha mzigo wa mwajiri. Mwaka huo huo Union Minière ilitaifishwa, na shirika lililorithi mali zake likaja kuitwa Gécamines. Hospitali za kampuni ziliendelea, na kwa miaka kadhaa zilikuwa miongoni mwa bora nchini. Kwa maduka, pigo lilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitahamishiwa kwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Maduka ya Wagiriki, Wareno na wengineo yaligawiwa kwa waliopendelewa na utawala. Wengi wa wamiliki wapya waliuza bidhaa zilizokuwemo bila kununua nyingine, rafu zikabaki tupu, na mwaka 1976 serikali ilikuwa inawarudishia wenyewe sehemu kubwa ya biashara hizo. Madhara kwa wafanyakazi hayakuishia kwenye mishahara. Matibabu yaliyofungwa kwa mtu mmoja huondoka na mtu huyo. Daktari aliyezoea kupokea boni ya duka fulani, akijua zitalipwa mwisho wa mwezi, hakuwa na sababu ya kumwamini mmiliki aliyefika wiki iliyopita.

Kisha nguzo yenyewe ikaanguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1994. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Oktoba 1991 maduka ya Lubumbashi yaliporwa, kama ya Kinshasa mwezi uliotangulia. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa. Dawa zilitoweka katika hospitali za kampuni, mishahara ikachelewa kwa miezi, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliziita familia hizo, katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kwa wenye kazi ya duka, baba huyo hakuwa amewahi kuwa wao. Lakini sasa walioachwa walikuja kusimama nao kwenye mlango ule ule, wakitafuta kazi ya kuuza. Mitaa kama Bel-Air ikaanza kuishi zaidi kwa biashara ndogo kuliko kwa mshahara wa kampuni.

Kanuni ya kazi inayotumika sasa ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kifungu chake cha 177 kinastahili kusomwa polepole. Katika ugonjwa, ajali, mimba au kujifungua, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi na familia yake huduma za daktari, za meno na za upasuaji, gharama za dawa na za kulazwa, usafiri wa mgonjwa asiyeweza kutembea, hata miwani na viungo bandia. Wajibu huo unadumu hadi mkataba unapokwisha. Aliyesimamishwa kazi na ugonjwa anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara wake. Kifungu hakitaji kiwango cha juu cha fedha, wala idadi ya wafanyakazi ambayo chini yake mwajiri anasamehewa. Duka la watu 3 na kampuni ya watu 3,000 zimeandikiwa maneno yale yale.

Hapo ndipo ahadi inapovunjika. Kampuni ya watu 3,000 inajua kwa makadirio watakaolazwa mwaka huu ni wangapi, inatenga fedha, na upasuaji mmoja hauitikisi. Duka la watu 3 linaweza kupita miaka 2 likinunua dawa za malaria tu, kisha mke wa mlinzi akahitaji kupasuliwa wakati wa kujifungua na bili ikameza faida ya miezi. Mwenye duka hata akiwa mtu mwema hana mahali pa kuitoa. Anayetaka kukwepa ana njia nyingi. Iliyo ya kawaida zaidi ni kutomwandikisha mtu. Sheria inasema kibarua wa kutwa akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi 2, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Katika maduka mengi anabaki wa kutwa mwaka baada ya mwaka. Njia nyingine ni kulipa matibabu kama mkopo: patroni anatoa fedha za hospitali, anaandika kwenye daftari, na anazirudisha kidogo kidogo kutoka mishahara ijayo. Mfanyakazi anashukuru, maana mtoto amepona, ilhali kwa sheria deni lilikuwa la patroni tangu mwanzo. Inauma kuona shukrani ikitolewa kwa haki iliyogeuzwa deni.

Nyumba za biashara za kati, yaani supamaketi na maduka yenye matawi, hutumia zaidi mkataba na kituo cha afya kimoja au viwili, unaoitwa konvansyo. Mgonjwa anachukua boni kwa mkuu wake, anakwenda katika kituo kilichotajwa, na bili inafika kwa mwajiri mwisho wa mwezi. Faida yake ni kwamba mtu hatoi fedha mlangoni. Kasoro zake wanazijua wenye kuitumia. Kituo kinaweza kuwa mbali na nyumbani, boni haipatikani Jumapili, na mwajiri akichelewa kulipa bili za miezi iliyopita, kituo kinaanza kuandika dawa za bei rahisi au kuwarudisha watu. Kuna pia suala la siri. Boni hupita mikononi mwa mkuu wa duka, na mwanamke mwenye mimba changa au mtu anayetumia dawa za kifua kikuu hujulikana kabla hajataka kujulikana.

Bima ya afya kwa maana ya leo imechelewa kufika. Tangu mwaka 1966 biashara ya bima ilikuwa ya SONAS peke yake, kampuni ya serikali. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, mamlaka ya usimamizi, ARCA, ikaundwa, na mwaka 2019 kampuni za kwanza za binafsi, zikiwemo Rawsur na Activa, zikapata leseni. Bima ya afya ya kundi inafanya kazi ambayo amri ya mwaka 1961 iliiacha: inakusanya hatari za waajiri wengi katika kapu moja. Mwajiri analipa ada ya mwaka kwa kila mfanyakazi na kila mtegemezi, mfanyakazi anapewa kadi, na kadi inapokelewa katika hospitali kadhaa badala ya moja.

Lakini kadi ina mipaka ambayo kifungu cha 177 hakina. Ina kiwango cha juu cha fedha kwa mwaka, orodha ya magonjwa yasiyolipiwa, idadi ya watoto wanaokubaliwa, na mara nyingi asilimia ambayo mgonjwa hujilipia mwenyewe. Kwa hiyo mfanyakazi wa duka anayeambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao atatibiwa kwa kadi anapima vitu viwili visivyofanana. Upande mmoja kuna ahadi isiyo na kikomo, yenye kutegemea mfuko na moyo wa mtu mmoja. Upande wa pili kuna ahadi yenye kikomo, lakini inayofanya kazi saa 8 usiku patroni akiwa amelala. Kwa magonjwa ya kila siku, malaria, uzazi, nimonia ya mtoto, kadi ni bora bila ubishi. Kwa maradhi marefu, saratani au figo, kikomo cha kadi hufikiwa upesi, na hapo mfanyakazi anapaswa kukumbuka kwamba sheria haikufutwa na kadi: kinachozidi kiwango cha bima bado ni wajibu wa mwajiri. Wachache wanaambiwa hivyo siku wanapokabidhiwa kadi.

Gharama nayo ina sura yake. Amri ya Mei 2018 iliweka kima cha chini cha mshahara wakati huo kuwa faranga 7,075 kwa siku kwa kibarua wa kawaida. Mwenye duka anayelipia mtu wake bima huhesabu ada hiyo pamoja na mshahara, na anapoombwa nyongeza huikumbusha. Kijana asiye na mke wala mtoto huona fedha zake zimekwenda kwa watu wa wengine, na angependa apewe mkononi. Mama mwenye watoto 5 huona kinyume. Mvutano huu wa kijana na mzazi haukuwepo chini ya Union Minière, ambako gharama ilifichwa. Umetokea kwa sababu bei sasa imeandikwa.

Wanawake wamebadilisha hesabu kwa upande mwingine. Kaunta za Bel-Air leo zina wasichana na akina mama wengi, jambo ambalo lisingewezekana kwa urahisi enzi ambapo mke alihitaji ruhusa ya mume ili aajiriwe, sharti lililoondolewa na marekebisho ya sheria ya familia mwaka 2016. Kanuni ya kazi inampa mwanamke likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa theluthi mbili za mshahara. Neno familia katika kifungu cha 177 halina jinsia, kwa hiyo mume asiye na kazi anatibiwa kwa kazi ya mke. Anayeachwa nje ni mama mzazi au mdogo wake mfanyakazi anayeishi naye nyumba moja, labda tu ikithibitishwa kisheria kwamba anamtegemea. Katika nyumba za Lubumbashi, ambako chungu kimoja hulisha vizazi vitatu, huo ni upungufu mkubwa.

Nchi za Afrika Mashariki zilifuata njia ya makato. Kenya ilianzisha mfuko wa hospitali, NHIF, mwaka 1966, na Oktoba 2024 ikaubadilisha kwa mfuko mpya unaomkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Tanzania ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 1999, kwa mchango wa asilimia 6 unaogawanywa kati ya mwajiri na mwajiriwa. Muuzaji wa duka la Nairobi anaona kwenye karatasi yake kiasi anachotoa, na ana nafasi ya kulalamika kwamba hakupata huduma inayolingana. Mwenzake wa Bel-Air hakatwi kitu kwa ajili ya ugonjwa, na kwa sababu hiyo hana karatasi ya kuonyesha anadai nini.

Kongo imeanza kusogea. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka utaratibu wa mutuelle, vyama vya kuchangiana ambavyo hata wafanyakazi wa maduka madogo wanaweza kuvianzisha kimtaa. INSS ikawa CNSS mwaka 2018, chini ya sheria ya mwaka 2016, na mchango wa jumla ukawa asilimia 18 ya mshahara. Ugonjwa, kwa mara nyingine, haukuingizwa humo. Sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 ilitangaza bima ya afya kwa wote, na Septemba 2023 huduma ya bure ya uzazi ilizinduliwa Kinshasa ili ipelekwe mikoani baadaye. Kati ya vitu vyote vilivyoorodheshwa katika kifungu cha 177, kujifungua kunakuwa cha kwanza ambacho serikali imekubali kukilipia badala ya patroni. Vilivyobaki, kuanzia jino hadi figo, bado viko upande wa mwenye duka.